Kuruka Peke Yako Kutoka Dar es Salaam Hadi Manchester na Kuiacha Familia Nyumbani: Mwongozo Kamili

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa kawaida wa shahada ya uzamili inayofundishwa darasani kwenda na mwenzi wake wala watoto wake. Ruhusa hiyo imebaki kwa makundi machache, hasa wanafunzi wa uzamivu, wale wa shahada za utafiti na wale wanaofadhiliwa na serikali. Mzazi anayepata nafasi ya kusoma huko kwa mwaka mmoja, kwa hiyo, husafiri peke yake, apende asipende, na mara nyingi ndiyo safari yake ya kwanza kuvuka bahari.

Mwongozo huu unamfuata mzazi huyo hatua kwa hatua, kuanzia miezi miwili kabla ya kuondoka hadi wiki za kwanza ugenini. Njia ninayoitumia kama mfano ni Dar es Salaam, Doha, Manchester, ambayo niliipita mwenyewe Septemba 2024 nikiwa nimemwacha mume na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne. Anayepitia Addis Ababa, Istanbul au Dubai atakuta mengi ni yale yale. Sehemu ndefu kuliko zote inahusu nyumba, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa angani utakaa saa kumi na tatu au kumi na nne tu, ilhali nyumba itaendeshwa bila wewe kwa miezi kumi na miwili.

Hatua ya kwanza: tiketi na saa zake

Nunua tiketi moja inayofunika safari nzima, hata kama tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zinaonekana rahisi zaidi. Kwa tiketi moja, begi lako hupelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, hasara yote ni yako, na huenda ukahitaji viza ya nchi unayopitia ili utoke nje kuchukua begi na kulipeleka upya kaunta. Muda mzuri wa kusubiri katikati ni kati ya saa mbili na nne. Chini ya hapo utakimbia, na ukizidisha saa nane utafika umechoka kabla hujaanza kusoma.

Usinunue tiketi ya kufika mapema mno. Kwa kozi inayozidi miezi sita, mwanafunzi anaruhusiwa kuingia Uingereza hadi mwezi mmoja kabla ya kozi kuanza, na kamwe si kabla ya tarehe ambayo viza yake inaanza kufanya kazi.

Kisha isome tiketi kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunapojikwaa. Tiketi ikiandikwa tarehe 14, saa 02:15, maana yake ni saa nane na robo usiku wa kuamkia tarehe 14, na unatakiwa uwe umeondoka nyumbani jioni ya tarehe 13. Anayesema "naondoka usiku wa Jumatatu" anaweza kueleweka kwa namna mbili, na zote mbili ni Kiswahili sahihi. Dereva niliyepatana naye alielewa ile nyingine, nikajikuta saa tatu usiku nampigia simu jirani aniokoe. Tangu siku hiyo huwa namwambia kila anayehusika saa ya kutoka mlangoni na tarehe yake. Saa ya ndege kupaa nabaki nayo mwenyewe.

Hatua ya pili: nyumba unayoiacha

Anza na pesa. Chukua daftari, uandike kila malipo ambayo huwa unayafanya wewe bila mtu mwingine kujua: ada ya shule na mwezi inapolipwa, kodi ya nyumba, umeme wa LUKU pamoja na namba ya mita, bili ya maji, mshahara wa dada wa kazi, mchango wa kikoba, bima ya afya ya watoto na tarehe inapokwisha. Utashangaa orodha ilivyo ndefu. Mkabidhi mwenzi wako au ndugu atakayesimamia, kisha mwache aiendeshe nyumba kwa mwezi mzima wewe ukiwa bado upo. Mwezi huo ndio utakaofichua mambo uliyoyasahau, wakati ambapo kuyarekebisha ni kuvuka sebule tu.

Laini yako ya simu isife. Benki nyingi hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ukiwa Manchester bila laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole huwezi kutuma mtu dukani akakufanyie upya. Nenda ofisi za mtandao wako kabla ya safari, waombe wawashe rominga ya kupokea ujumbe, uweke na salio kidogo. Namba ya siri ya akaunti yako ya pesa usimwachie mtu yeyote, hata umpendaye. Pesa za matumizi zitumwe kwenye laini yake, zipokewe kwa jina lake, na asipate kishawishi wala lawama.

Kama una kiwanja, nyumba ya kupangisha, kesi au mafao yanayofuatiliwa, nenda kwa wakili uandikishe hati ya uwakilishi wa kisheria, ikitaja kwa uwazi mambo ambayo mwakilishi wako anaruhusiwa kuyafanya na yale asiyoruhusiwa. Hati inayosema "mambo yangu yote" inaonekana rahisi, lakini mimi siishauri: imeshagombanisha ndugu wengi. Kwa mzazi anayewaacha watoto kwa bibi, shangazi au mjomba, barua iliyosainiwa mbele ya wakili, inayompa mlezi huyo mamlaka ya kuidhinisha matibabu na kushughulika na shule, itamwepusha na kuzungushwa siku ya dharura. Nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za bima na kadi za kliniki ziwekwe kwenye bahasha moja ambayo watu wazima wawili wanajua ilipo.

Sasa watoto. Kuna desturi ya kumtoroka mtoto: anasubiriwa alale, mama anatoka na begi kwa kunyata, na asubuhi mtoto anaambiwa kwamba mama ameenda sokoni. Wanaofanya hivyo hukusudia kumpunguzia kilio, lakini mtoto aliyetorokwa mara moja huanza kuogopa kulala, na atamfuata baba yake hadi chooni asije naye akatoweka. Mwambie ukweli, kwa maneno yanayolingana na umri wake, wiki mbili au tatu kabla. Mwenye miaka tisa anaweza kuonyeshwa ramani na kuambiwa mwezi wa kurudi. Mwenye miaka minne hajui mwezi ni nini. Mhesabie kwa vitu anavyoviona. Mimi nilimwambia wangu kwamba embe zitaiva kwanza, halafu mvua kubwa za masika zitanyesha, halafu kitakuja kile kibaridi cha kuvalia sweta asubuhi, na baada ya hapo mama anarudi. Embe zilipoiva alinipigia simu kunitaarifu kwamba jambo la kwanza limekwisha.

Mwachie pia kitu chenye harufu yako. Kanga uliyoivaa siku mbili bila kuifua ina thamani kwa mtoto mdogo kuliko mdoli mpya wa dukani. Rekodi sauti yako ukimsimulia hadithi tano au sita fupi, na uziweke kwenye simu inayobaki nyumbani ili usiku ambao intaneti inasumbua asikose sauti ya kumlaza. Ratiba ya nyumbani isibadilishwe kwa ajili ya safari: asihamishwe chumba, shule na mlezi kwa mpigo mmoja.

Kuhusu kuaga, wazee waagwe ana kwa ana, na mapema. Ukiacha ziara zote kwa wiki ya mwisho utazunguka kutoka Mbagala hadi Tegeta bila kulala, na kisomo au sala ya kukuombea safari njema itageuka shughuli ya watu hamsini, wewe ndiye mpishi. Ifanyike Jumamosi moja kabla ya hiyo wiki. Wapo watakaokuuliza mbele ya watu unawezaje kuwaacha watoto wadogo, na swali hilo humwandama mama kuliko baba. Kubaliana na mwenzi wako jibu moja fupi, na yeye ndiye alitoe.

Hatua ya tatu: nyaraka

Viza ya mwanafunzi wa Uingereza siku hizi ni ya kielektroniki. Fungua akaunti yako ya viza ukiwa bado Dar es Salaam, hakikisha namba ya pasipoti iliyomo ndiyo ya pasipoti utakayosafiria, kisha toa msimbo wa kuthibitishia viza, ambao hudumu siku 90. Uchapishe kwenye karatasi pia. Simu huzima chaji mbele ya kaunta kwa ukaidi wa ajabu.

Katika begi la mkononi, ndani ya jalada moja, weka pasipoti, barua ya udahili yenye namba ya CAS (uthibitisho wa kudahiliwa ambao chuo hukupa kwa ajili ya viza), cheti cha kipimo cha kifua kikuu, uthibitisho wa malazi, nakala za vyeti vya masomo, uthibitisho wa fedha, na anwani ya chuo pamoja na namba ya simu ya dharura iliyoandikwa kwa kalamu. Nyaraka hizi hazitakiwi kwenda tumboni mwa ndege hata kwa bahati mbaya. Piga picha ya kila ukurasa umtumie mwenzi wako. Ukibeba fedha taslimu zinazofikia pauni 10,000 au zaidi unatakiwa kuzitangaza, ingawa sielewi mtu wa kawaida azibebe za nini.

Mwenye dawa za kila siku abebe za kutosha miezi miwili au mitatu, zikiwa ndani ya paketi zake halisi, na barua ya daktari inayotaja jina la dawa na ugonjwa. Awe mwangalifu na dawa kali za maumivu kama tramadol, kwa kuwa nchi za Ghuba, unazopita njiani, huzidhibiti vikali.

Hatua ya nne: mzigo

Uzito unaoruhusiwa hutofautiana kwa shirika na aina ya tiketi. Umeandikwa kwenye tiketi yenyewe, usiuchukue kwa kusikia. Pima begi nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, uache kilo moja ya tahadhari.

Mama yangu mkwe alitaka nibebe kilo kumi za unga wa sembe. Nilishukuru, nikabeba mbili, maana Manchester ina maduka ya Waafrika na Waasia, hasa pande za Moss Side na Rusholme, na unga hupatikana, pamoja na bamia, mihogo na nazi. Beba yale yasiyopatikana kirahisi: majani ya chai unayoyapenda, viungo vya pilau vya nyumbani, dagaa waliokaushwa vizuri na kufungwa mara tatu. Nyama na bidhaa za maziwa kutoka Tanzania haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo samli na nyama kavu ya bibi vibaki kwa bibi. Samaki kwa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20.

Adapta ya umeme huihitaji, kwa kuwa soketi za Uingereza ni zile zile za matundu matatu tunazozitumia nyumbani, na nguvu ya umeme ni ile ile. Koti zito la baridi nililinunua mitumbani, Karume, likiwa bado na lebo ya duka la Uingereza; nililirudisha kwao kwa bei nzuri. Livae au ulibebe mkononi, lisile kilo za begi.

Begi la mkononi liwe na nguo ya kubadilisha, soksi nene, mswaki, kalamu, chaja na pawabenki. Pawabenki hairuhusiwi kabisa ndani ya begi la tumboni, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko chini hakuna wa kuizima kwa haraka. Ya kubeba bila kibali isizidi wati-saa 100, na zile za kawaida za mAh 20,000 ziko chini ya kiwango hicho. Vimiminika viwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote ndani ya mfuko mmoja angavu wa lita moja. Mafuta ya nazi na asali huhesabiwa humo.

Hatua ya tano: siku ya kuondoka

Ndege za kimataifa za mashirika makubwa huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Mwambie dereva hivyo, asikupeleke Jengo la Pili. Uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege, na uhesabu foleni ya Barabara ya Nyerere, ambayo jioni haina huruma kwa anayetoka Kimara wala Mbezi.

Amueni mapema ni nani atakuja kusindikiza. Ushauri wangu ni watoto wadogo waagwe nyumbani, penye kitanda chao na bibi yao, wala si mlangoni mwa uwanja usiku wa manane, ambapo mama anamezwa na mlango wa kioo wasioweza kuupita. Mshike, mwambie unaondoka, mwambie utapiga simu kesho atakapotoka shule, kisha ondoka kweli. Kurudi mara ya pili na ya tatu kumbusu huongeza kilio cha wote.

Kaunta, angalia kwa macho yako kibandiko kinachofungwa kwenye begi: kisomeke MAN, si DOH. Uliza kama kadi zote mbili za kupandia ndege zimetolewa. Hifadhi kipande cha stakabadhi ya begi. Baada ya uhamiaji na ukaguzi, usikae mbali na lango lako, kwa sababu lango hufungwa mapema kabla ya ndege kupaa na jina lako halitaitwa mara kumi.

Hatua ya sita: angani na Doha

Chagua kiti cha upande wa njia. Dirishani ni pazuri kwa dakika kumi za kuziona taa za Dar es Salaam. Baada ya hapo utalazimika kuwaamsha watu wawili kila unapotaka kusimama. Na kusimama ni lazima. Kukaa bila kujisogeza kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwa hiyo tembea kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo ukiwa umekaa, na kama una ujauzito au uliwahi kupata tatizo hilo, muulize daktari kuhusu soksi za kubana. Hewa ya ndani ni kavu sana, na mgandamizo wake hufanana na wa mahali penye mwinuko wa karibu mita 2,000, kama Njombe. Ndiyo maana masikio huziba, midomo hukauka na mtu huchoka bila kufanya kazi. Kunywa maji mara kwa mara. Chakula maalumu, kama cha mgonjwa wa kisukari au cha asiyekula nyama, huagizwa angalau siku moja kabla.

Machozi huja baada ya taa kuzimwa. Yaache yatoke, hakuna anayekutazama, na jirani yako huenda naye ana yake. Kilichonisaidia ni kuandika barua kwa kila mtoto, kwa mkono, nikiwa na kitu cha kufanya kwa saa mbili zile ambazo usingizi uligoma.

Doha na Dar es Salaam hutumia saa zile zile, kwa hiyo usiguse saa yako. Fuata mabango ya wanaounganisha ndege, pita ukaguzi tena, halafu tafuta ubao wa kuonyesha malango kabla ya kutafuta chai. Ukipotea, ulizia sanamu kubwa ya dubu wa manjano katikati ya uwanja wa Hamad; kila mfanyakazi anaijua. Tumia intaneti ya bure kutuma ujumbe mmoja nyumbani. Usipige simu ya video ukiwa umevimba macho na ndege inaita.

Hatua ya saba: Manchester

Mashine za kupitisha watu haraka hazimhusu mwenye pasipoti ya Tanzania. Panga foleni ya kuonana na ofisa. Atauliza unasoma nini, wapi, kwa muda gani na utakaa wapi. Jibu kile ulichoulizwa, kwa ufupi, jalada likiwa mkononi. Akiuliza kuhusu familia, sema ukweli kwamba iko Tanzania. Begi lisipotokea, toa taarifa kwenye dawati la shirika kabla ya kutoka ukumbini, ukiwa na ile stakabadhi.

Kutoka uwanjani kuna treni na tramu za moja kwa moja hadi katikati ya mji. Vyuo hupokea wanafunzi wapya mwezi Septemba. Uliza chuo chako kabla hujaondoka kama kitatuma mtu.

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza. Tozo ya afya uliyolipa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, ndiyo inayokupa haki hiyo. Na ukipata homa katika wiki au miezi ya mwanzo, usikubali kuambiwa ni mafua kabla hujatamka kwamba umetoka nchi yenye malaria, kwa maana daktari wa huko hafikirii malaria mpaka aambiwe.

Kwa simu za nyumbani, pangeni saa moja maalumu kwa saa za Tanzania, na mtoto aambiwe hiyo. Dakika kumi kila siku saa mbili usiku zinamfaa kuliko saa mbili za Jumapili. Wacha akuonyeshe daftari, au akuweke kifudifudi mezani akaendelea kuchezea gari lake huku unamsikiliza. Siku asiyotaka kuongea, usimlazimishe wala usimuulize kama amekusahau.

Unapofika Septemba, Manchester iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili, na saa mbili usiku ya nyumbani ni saa kumi na mbili jioni yako. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa tatu, na simu hiyo hiyo inabidi uipige saa kumi na moja jioni, pengine ukiwa bado maktaba. Weka kengele kwenye simu yako wiki moja kabla. Mimi sikuweka, na mwanangu alikaa sebuleni saa nzima, simu ya baba yake mapajani, mpaka usingizi ukamchukua akiwa ameketi.